Mpangilio kwanza, namba baadaye: kueleza na kupima umri wa miamba ya volkano ya Arthur's Seat

Akija mtu na jiwe jeusi mkononi, akakwambia lina miaka milioni 340, muulize kwanza amelitoa tabaka gani. Akikwama hapo, namba yake haina pa kukaa. Mimi mwenyewe nilikwama hapo hapo. Nilishuka mlimani na daftari limejaa michoro mizuri ya mawe, kila mmoja umeandikwa "basalti" (mwamba mweusi wa lava iliyoganda), na mwalimu akaniuliza swali moja tu: lipi lilikuwa chini, lipi juu? Kesho yake nikapanda tena, kwenye mvua.

Mlima wenyewe ni Arthur's Seat, mita 251, katikati ya jiji la Edinburgh, Uskoti. Ni mabaki ya volkano ya kipindi cha Karboniferasi, na nimeuchagua kwa sababu ya unyenyekevu wake: unashuka kwenye basi, unavuka barabara, umefika. Ndani ya nusu siku unapita kwenye mashapo ya vidimbwi vya kale, majivu, lava, koo la volkano, na mwamba uliojipenyeza chini ya ardhi baadaye. Zaidi ya hayo, matabaka yote yameinamia mashariki. Ukitembea kutoka magharibi kwenda mashariki unapanda kwenye wakati, kutoka miamba ya zamani kwenda miamba mipya. Mlima mzima umelazwa ubavu kama kitabu kilichoangushwa, kurasa zikionekana ukingoni.

Hatua zifuatazo zinaweza kutumika Rungwe au pembeni mwa Bonde la Ufa la Kenya. Kinachobadilika ni umri tu.

Hatua ya 1: Kaa na ramani kabla ya kuvaa buti

Shirika la jiolojia la Uingereza lilianzishwa mwaka 1835, na ramani zake za Edinburgh zimepitiwa upya mara nyingi. Soma kisanduku cha maelezo pembeni mwa ramani kuanzia chini kwenda juu, kwa maana ndivyo miamba ilivyojipanga. Chini kabisa ya eneo letu utaikuta Fomesheni ya Ballagan (fomesheni ni kundi la matabaka linalotambulika kwa sura yake). Juu yake ipo Fomesheni ya Volkano ya Arthur's Seat, na juu ya hiyo, mashapo ya Fomesheni ya Gullane. Kwa hiyo volkano imebanwa katikati ya mashapo, na hilo litatusaidia sana tukifika kwenye umri.

Weka pia kalenda kichwani. Karboniferasi ilianza takriban miaka milioni 359 iliyopita na kuisha takriban milioni 299. Mgawo wake wa kwanza ni Turnezi, hadi milioni 347 hivi, kisha Vizea, hadi milioni 330 hivi. Volkano yetu inaangukia huko, mapema katika kipindi. Jina la kipindi lilitolewa mwaka 1822 na Waingereza wawili, Conybeare na Phillips, kwa sababu ya makaa ya mawe. Lakini usidanganywe na jina: makaa si lazima yawe ya Karboniferasi. Yale ya Mchuchuma na Ngaka, kusini mwa Tanzania, ni ya kipindi kilichofuata, Permia. Uskoti ilipokuwa karibu na ikweta ikitema lava, nchi zetu zilikuwa kusini kabisa ndani ya bara la Gondwana, na kabla Karboniferasi haijaisha barafu kubwa ilikuwa imetanda sehemu nyingi za bara hilo.

Hatua ya 2: Zana, na nyundo ibaki nyumbani

Chukua dira yenye klinomita (kipimo cha mwinamo), lenzi ya mkono inayokuza mara 10, futi ya mita 30 au zaidi, daftari lisiloogopa maji, penseli, na kichupa cha asidi hafifu ya haidrokloriki. Simu itakupa viwianishi na picha. Kwenye kila picha weka kitu cha kupimia ukubwa, sarafu yatosha.

Nyundo usiibebe. Holyrood Park, hifadhi yenye mlima huu, inalindwa kisheria kwa ajili ya jiolojia yake, na kugonga au kuokota mawe bila kibali ni kosa. Miamba ya Salisbury Crags iliwahi kuchimbwa kwa ajili ya kujengea barabara mpaka watu wakapiga kelele mahakamani, ndiyo maana wenyeji hawana mzaha na jambo hili. Njia inayopita chini ya majabali hayo, Radical Road, ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu mawe yalikuwa yakiporomoka. Soma mabango kabla ya kwenda, na ukikuta uzio usiruke. Mengi yanaonekana kwa lenzi ukiwa nje ya uzio.

Hatua ya 3: Tembea ukikata matabaka

Watu wengi hukimbilia kileleni. Kilele kina upepo na watalii, na kwa kazi yetu hakina pa kuanzia. Anzia magharibi, chini ya majabali ya Salisbury Crags, uelekee mashariki: vuka bonde la Hunter's Bog, panda ukingo wa Long Row, malizia Whinny Hill.

Kila unapokuta tabaka wazi pima vitu viwili. Cha kwanza ni mwelekeo wa mstari ambao tabaka lingechora kwenye maji yaliyotulia. Cha pili ni mwinamo, yaani pembe ambayo tabaka linashuka nayo. Hapa mwinamo ni karibu nyuzi 25 kuelekea mashariki. Pima mara kadhaa, maana bamba moja la jiwe linaweza kuwa limeteleza.

Mwinamo ndio unaokupa unene wa kweli. Tuseme umetembea mita 100 kwenye tambarare, ukikata tabaka moja kwa moja kutoka chini yake hadi juu yake, na mwinamo ni nyuzi 25. Unene si mita 100. Zidisha 100 kwa saini (sin kwenye kikokotoo) ya nyuzi 25, ambayo ni 0.42: unene ni mita 42. Kama ardhi yenyewe ina mteremko, chora umbo la pembetatu kwanza kabla ya kushika kikokotoo. Nimewahi kuona ripoti yenye lava nene mara mbili ya ukweli kwa sababu mwandishi alipima kwa hatua za miguu na kuishia hapo.

Hatua ya 4: Eleza mashapo kama humjui aliyeyaweka

Andika unachokiona kabla ya unachokifikiria. Rangi ya jiwe likiwa kavu na likiwa limelowa. Ukubwa wa chembe: kati ya milimita 0.063 na 2 ni mchanga, chini ya hapo ni tope. Unene wa tabaka, mpaka wake na lililo chini, alama za mawimbi, nyufa za kukauka, visukuku. Tafsiri ije kwenye mstari mwingine, ikiwezekana kwa penseli ya rangi nyingine.

Fomesheni ya Ballagan inajulikana kwa kupishana: tope la kijivu, bamba jembamba gumu la rangi ya maziwa yaliyokorogwa na majivu, tope tena, mchanga kidogo. Mabamba hayo magumu yana dolomiti, kaboneti yenye magnesi, na hapo ndipo asidi inapowakosesha wanafunzi wengi. Chokaa ya kawaida ikidondoshewa asidi hutoa povu papo hapo. Dolomiti hukaa kimya au hulalamika kidogo sana, mpaka uisage iwe unga. Ukidondosha asidi, ukaona kimya, ukaandika "si mwamba wa kaboneti", umeshaharibu ukurasa. Chukua kipande kilichokwisha kuanguka mahali panaporuhusiwa, kwa mfano ufukwe ulio nje ya hifadhi, kikwangue kwa kisu na udondoshe kwenye unga.

Tafsiri sasa: nchi tambarare karibu na usawa wa bahari, mafuriko ya msimu, vidimbwi vya maji ya chumvi vilivyokuwa vikikauka, joto la ikweta. Mtu aliyezoea mabwawa ya chumvi ya Pwani yetu ataipata picha haraka kuliko mwenyeji wa Edinburgh.

Hatua ya 5: Eleza volkano kwa vipimo vyake

Vitu vilivyorushwa na volkano vina majina ya ukubwa. Chini ya milimita 2 ni majivu. Kati ya 2 na 64 ni lapili. Zaidi ya 64 ni mabomu, kama yaliruka yakiwa bado laini, au mapande, kama yalivunjika yakiwa magumu. Majivu yaliyoshikana na kuwa mwamba huitwa tufu. Pima vipande 30 vikubwa vilivyo mahali pamoja, uandike wastani na kile kikubwa kuliko vyote. Ukubwa unavyoongezeka ndivyo unavyokaribia kinywa cha volkano.

Kwa lava, tazama fuwele. Karibu na ziwa dogo la Dunsapie basalti ina fuwele zinazoonekana kwa jicho: plagioklesi nyeupe zenye umbo la vijiti, ojaiti nyeusi inayong'aa, na olivini, ambayo mara nyingi imegeuka kutu. Aina hii ya basalti imepewa jina la mahali hapo hapo, na jina hilo hutumika Uskoti nzima. Whinny Hill ina lava zipatazo 13, moja juu ya nyingine, na tufu katikati. Usizihesabu kwa kutazama ngazi za mlima pekee. Tafuta kwa kila lava tako lake na kichwa chake: takoni vipande vya ardhi iliyounguzwa, kichwani vitundu vya gesi, ambavyo sasa vimejaa madini meupe, na wakati mwingine wekundu wa udongo ulioanza kuota kabla ya lava iliyofuata. Wekundu huo ni wa kuthamini, kwa kuwa unakwambia muda ulipita.

Kusini mwa mlima zipo nguzo za Samson's Ribs, basalti iliyopoa taratibu na kupasuka kwa umbo la nguzo zilizosimama. Ni sehemu ya mwamba uliojaa ndani ya koo la volkano, ule mkubwa uitwao Lion's Haunch. Pima upana wa nguzo na mwegemeo wake. Nguzo huota kuanzia upande uliopoa kwanza, kwa hiyo mwegemeo wake unakuonyesha ukuta ulikuwa wapi.

Hatua ya 6: Lava au sili?

Hapa tutulie, maana kosa la hatua hii halirekebishiki maabara.

Lava ilitiririka juu ya ardhi. Sili ni uji huo huo wa moto uliojipenyeza katikati ya matabaka ukagandia humo. Ukitazama kwa mbali vyote ni bamba jeusi katikati ya mashapo. Tofauti yake kwa umri inaweza kuwa mamilioni ya miaka. Lava ni mpya kuliko iliyo chini yake na ni ya zamani kuliko iliyo juu yake. Sili ni mpya kuliko zote mbili.

Nenda kwenye mpaka wa juu. Mashapo yaliyo juu yameungua, yamekuwa magumu, yamebadilika rangi? Basi uji wa moto uliyakuta pale: ni sili. Mashapo ya juu hayana dalili ya moto, na ndani yake mna kokoto za mwamba ule mweusi? Basi mwamba ulikuwepo kwanza, wazi, ukamomonyolewa: ni lava. Angalia pia ukubwa wa fuwele. Sili huwa na chembe ndogo kwenye kingo zote mbili, pale ilipogusa ubaridi, na chembe kubwa katikati. Lava hujaa vitundu vya gesi kichwani.

Salisbury Crags ni sili. Ndipo alipokuja James Hutton, mwenyeji wa Edinburgh aliyezaliwa mwaka 1726, akatazama sehemu ambayo leo ina jina lake. Pale uji wa moto umeinua matabaka ya mashapo kama mtu anavyoinua jamvi kwa mguu, na vipande vimevunjika vikaingia ndani ya mwamba mweusi. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba miamba kama ile iliganda kutoka kwenye maji ya bahari. Hutton akasema hapana, maji hayavunji matabaka namna hii; ilikuwa moto, kutoka chini. Alisoma hoja zake mbele ya Royal Society of Edinburgh mwaka 1785 na zikachapishwa mwaka 1788.

Kinachonichekesha ni kwamba miaka arobaini baadaye, kijana aitwaye Charles Darwin alisimama kwenye majabali hayo hayo akimsikiliza Profesa Robert Jameson akifundisha kwamba ufa uliojaa mwamba mweusi ulijazwa na mashapo kutoka juu, huku miamba ya volkano ikiwa imewazunguka pande zote. Darwin aliandika baadaye kwamba akikumbuka somo lile haoni ajabu kwamba aliapa kutoigusa jiolojia. Kiapo chenyewe, tunajua, hakikudumu.

Hatua ya 7: Andika historia bila namba hata moja

Sasa keti mahali pasipo upepo, uorodheshe matukio kwa mpangilio. Sheria ni tatu, hazihitaji mashine: cha chini ni cha zamani kuliko cha juu, kinachokata ni kipya kuliko kinachokatwa, kipande kilichomo ni cha zamani kuliko kilichokibeba.

Orodha yako itafanana na hii. Mashapo ya Ballagan yaliwekwa. Volkano ikalipuka, lava na majivu vikarundikana. Koo la Lion's Head likafunguka, kisha Lion's Haunch, kubwa zaidi, likakata miamba ya mwenzake. Volkano ikanyamaza, mashapo mengine yakaifunika. Sili ya Salisbury Crags ikajipenyeza. Matabaka yote yakainama. Barafu ya juzi, kwa kalenda ya miamba, ikaja kuparua kila kitu na kuacha majabali yakitazama magharibi.

Kama kuna mawili usiyojua lipi lilitangulia, andika hivyo wazi na uchore alama ya kuuliza. Alama hiyo ndiyo itakayokwambia ni jiwe lipi linastahili gharama ya maabara.

Hatua ya 8: Kulipatia kundi jina lake

Fomesheni ni kundi la matabaka linaloweza kutambulika kwa sura yake na kuchorwa kwenye ramani. Kulitambulisha rasmi kunahitaji jina la mahali, mahali pa mfano ambapo wengine wanaweza kwenda kulitazama, mpaka wa chini na wa juu, unene, na aina za miamba. Umri haumo katika ufafanuzi wenyewe. Watu hushangaa wakiambiwa hivyo, lakini fikiri: umri unaweza kurekebishwa kila maabara inapopata mashine mpya, wakati mwamba haujasogea. Ukifafanua fomesheni kwa umri, kila kipimo kipya kitakulazimisha uchore ramani upya.

Ukiwa unafanya kazi eneo lenye ramani nzuri kama hili, usibuni jina. Tumia lililopo, na kama una hoja ya kusogeza mpaka, toa hoja kuhusu mpaka.

Hatua ya 9: Chagua jiwe la kupima

Kwa kibali, na mara nyingi nje ya hifadhi, unachukua sampuli. Basalti nzuri ni ile nyeusi ya katikati ya lava, isiyo na vitundu, isiyo na michirizi myeupe, inayolia ikigongwa. Ganda la kahawia ni mwamba uliochakaa; liondoe lote. Kwa tufu unahitaji kilo kadhaa, kwa sababu madini unayoyatafuta ni madogo kuliko chembe ya chumvi na ni machache.

Weka alama ya upande wa juu. Andika viwianishi, tabaka, umbali kutoka takoni. Mfuko mmoja, namba moja, na namba hiyo hiyo daftarini. Kisha kata kipande chembamba cha milimita 0.03 ukitazame kwa hadubini kabla ya kulipia chochote. Plagioklesi iliyojaa ukungu, olivini iliyokwisha kuwa udongo: sampuli hiyo iache.

Hatua ya 10: Chagua saa

Saa ya kwanza ni potasiamu na agoni. Potasiamu-40 hupungua hadi nusu kila miaka bilioni 1.25, na sehemu yake ndogo, kama asilimia 11, hugeuka agoni, gesi inayonaswa ndani ya fuwele baada ya lava kuganda. Waswahili wenzangu wa Tanzania wanaifahamu saa hii bila kujua: ndiyo iliyotumika mwaka 1961 kupima tufu za Olduvai, ikatoa umri wa takriban miaka milioni 1.75 kwa fuvu la Zinjanthropus. Mantiki ni ile ile: kisukuku hakikupimwa, yalipimwa majivu ya tabaka lake.

Siku hizi jiwe hupelekwa kwanza kwenye tanuri la nyuklia ili sehemu ya potasiamu igeuzwe agoni-39, kisha hupashwa moto hatua kwa hatua na gesi kupimwa kila hatua. Hatua nyingi mfululizo zikitoa umri mmoja, hapo pana matumaini. Zikipanda na kushuka, gesi ilivuja au iliingia ya kigeni. Gesi ni mtoro: mwamba ukipata joto tena, au ukichakaa, umri unaosoma utakuwa mdogo kuliko wa kweli. Basalti ya Karboniferasi imekuwa na muda mrefu wa kupata misukosuko hiyo.

Saa ya pili ni urani na risasi (ile metali) ndani ya zirkoni, madini ya fuwele ndogo ngumu. Zirkoni inapoota huikaribisha urani na kuikataa risasi, kwa hiyo risasi nyingi utakayoikuta ndani yake imezaliwa humo. Urani-238 ina nusu-uhai (muda wa kupungua hadi nusu) wa miaka bilioni 4.468, urani-235 miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya kasha moja, na ndiyo sababu naipenda: zikipingana unajua kuna tatizo. Kwa mwamba wa miaka milioni 340, kwa kila atomu 1,000 za urani-238 zilizobaki unapaswa kukuta kama atomu 54 za risasi-206. Na kwa kila 1,000 za urani-235, kama 398 za risasi-207. Fanya hesabu hii mwenyewe ukipokea matokeo. Inachukua dakika mbili.

Tatizo ni kwamba basalti haina zirkoni nyingi. Ndiyo maana anayetaka umri wa volkano hizi hutazama pia trakaiti (miamba ya volkano yenye rangi nyepesi kuliko basalti) za jirani, kama za Garleton Hills mashariki mwa Edinburgh, na tufu zilizolala katikati ya mashapo.

Aliyeonyesha njia hii mapema ni Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, alichapisha orodha ya umri wa miamba kwa urani na risasi, na kwa Karboniferasi akaandika miaka milioni 340. Isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, zilikuwa hazijajulikana! Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria. Baadaye alikuwa profesa hapa hapa Edinburgh, na mwaka 1951 ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, ile miamba ya kale inayopita Tanzania na Kenya.

Hatua ya 11: Soma namba kwa tahadhari

Maabara itakuletea, tuseme, 340 ± 2. Uliza mambo haya: shaka hiyo ni ya mashine tu, au imejumuisha pia shaka ya kasi ya kuoza kwa urani? Ni chembe ngapi zimepimwa, na ngapi zimetupwa? Na je, ni umri wa nini hasa?

Swali la mwisho ndilo zito. Zirkoni ndani ya trakaiti iliyoganda ina umri wa mwamba, au karibu nao. Zirkoni ndani ya mashapo ililetwa na maji au upepo kutoka kwingine. Chembe changa kuliko zote inakwambia tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Haikwambii ni jipya kiasi gani.

Mfano upo kama kilomita 30 magharibi, machimbo ya zamani ya East Kirkton karibu na Bathgate, mashapo ya ziwa lililokuwa miguuni mwa volkano na chemchemi za moto. Stan Wood, mkusanyaji wa visukuku, alifika huko katika miaka ya 1980, na humo kikapatikana Westlothiana lizziae, kiumbe kama mjusi wa sentimita 20 ambaye wengi humwita Lizzie. Kwa muda mrefu umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka milioni 331, kwa kulinganisha visukuku na matabaka ya jirani. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walipima zirkoni kutoka kwenye mashapo hayo wakapata umri wa hadi milioni 346. Vichwa vya habari vikasema Lizzie amezeeka kwa mamilioni ya miaka. Mimi husoma hivi: tabaka si la zamani kuliko 346. Kama volkano za jirani zilizozaa zirkoni hizo zilikuwa zimezimika muda mrefu kabla ya ziwa, makadirio ya zamani hayajaanguka bado. Ni kazi nzuri na ya kishujaa, kwa kuwa miamba ile ina zirkoni chache sana, lakini neno "hadi" lililomo ndani yake lisifutwe.

Kwa Arthur's Seat, linganisha namba yako na spora (chembe za uzazi) za mimea katika mashapo ya chini na ya juu. Spora zikisema Turnezi chini na Vizea juu, na lava ikasema milioni 340, mambo yanakaa. Lava ikisema milioni 290, usianze kuandika makala ya kuushangaza ulimwengu. Rudi kwenye kipande chako chembamba, uangalie kama agoni ilitoroka, au kama jiwe ulilolibeba lilikuwa sili.

Hatua ya 12: Andika na uhifadhi

Aya ya umri iwe fupi na ikamilike peke yake: "Basalti ya lava ya tano kutoka chini, Whinny Hill, sampuli kutoka mita 3 juu ya tako, plagioklesi safi, agoni kwa kupasha hatua kwa hatua, hatua nane kati ya kumi zinakubaliana, umri na shaka yake, kiwango cha rejea kilichotumika." Kiwango cha rejea usikisahau. Maabara nyingi za agoni hulinganisha na sanidini, madini yenye potasiamu, ya Fish Canyon huko Colorado, Marekani, na umri wake wenyewe umewahi kusahihishwa, sasa ni takriban miaka milioni 28.2. Usipokitaja, atakayekuja miaka 20 baadaye hataweza kuisahihisha namba yako.

Nusu ya sampuli iliyobaki iweke kwenye sanduku kavu, na karatasi ya viwianishi ndani ya mfuko, ya pili juu ya kifuniko. Andika kwa penseli, wino hufifia.